Nani kashika debe?

Jumamosi moja nilikuwa Lyulilo, nimekaa ufukweni natazama mitumbwi ikishusha vyungu vya Wakisi kutoka Ikombe. Chungu hakina kesi: unakigonga, unasikia mlio, mnapatana bei. Kesi iko kwenye mchele. Kyela nzima inajua kuwa mwenye debe ndiye mwenye bei, na lumbesa haikuanza jana.

Nikakumbuka ankara yangu. Nina tovuti ndogo kwenye kompyuta za kukodi, hizi wanazoita za mawinguni ingawa ziko ardhini kwenye maghala ya watu. Mwezi ule gharama ilikuwa imepanda mara mbili. Nilipouliza nikajibiwa: umetumia. Nimetumia nini? Debe lilikuwa lao.

Jambo hili kwetu lina historia. Kompyuta ya kwanza ya serikali iliingia Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baadaye mradi wa kuhamishia hesabu za serikali kwenye mashine ukavurugika vibaya, na mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ukapigwa marufuku. Wengi huicheka marufuku ile. Mimi siicheki sana. Tulikuwa tunalipia chombo ambacho wenye kukielewa walikuwa hasa wataalamu wa kigeni.

Mwaka 2006 Amazon ikaanza kukodisha kompyuta kwa saa, senti 10 za Marekani. Huduma hiyo, EC2, ilijengwa na timu ya Chris Pinkham iliyokaa Cape Town. Ndiyo, Afrika hii hii! Lakini aliyekodisha ndiye aliyepima.

Programu huria ndizo zilizoanza kumpa mpangaji debe lake. Mwaka 2010 NASA na Rackspace walitoa OpenStack, ya kujijengea wingu lako na kuliwekea kila kundi mgawo. Mwaka 2014 Google wakatoa Kubernetes, neno la Kigiriki la mshika usukani wa chombo. Jina limekaa mahali pake. Kila programu inataja inataka prosesa na memori kiasi gani (prosesa moja inakatwa vipande 1000), nayo Kubernetes inaitafutia mashine yenye nafasi, kama nahodha anavyopanga vyungu mtumbwi usilale upande. Kisha mwaka 2022 ikaja OpenCost. Hii inachukua kilichotumika au kilichowekwa akiba, inazidisha kwa bei, inakuonyesha nani kala nini. Hesabu yenyewe iko wazi, asiyeamini asome.

Bei bado wanapanga wao, tusidanganyane.

Rafiki yangu alinisaidia kuifunga. Mwizi alipatikana siku hiyo hiyo: programu ya majaribio niliyoisahau mwenyewe. Ilijiwekea nafasi kubwa bila kufanya kazi yoyote, mashine ya pili ikakodiwa kwa ajili yake. Nimeizima. Barua ya lawama niliyokuwa nimeiandika kwa kampuni nimeifuta kimya kimya.