Ruiru: Mji uliong'oa mibuni, ukapanda ghorofa

Miaka 40 imeshapita tangu kituo cha utafiti wa kahawa cha Ruiru, Kiambu, kiwape wakulima mbegu yenye jina la mji huo. Ruiru 11 ilitoka mwaka 1985, na hadi leo inapandwa Nyeri, Kirinyaga na kwingineko. Huko Ruiru kwenyewe kinachochipuka ni ghorofa.

Kabla ya hapo historia ya mji ni fupi. Reli ya kwenda Thika ilipita mwaka 1913, walowezi wakajaza mibuni kando yake, Mwafrika akawa kibarua wa kuchuma. Kupanda kahawa yake mwenyewe alikatazwa, ukiacha majaribio machache ya miaka ya 1930 huko Kisii na Meru, mpaka mpango wa Swynnerton wa 1954 ulipofungua lango.

Kisha likaja balaa la chulebuni. Ugonjwa huo ulijulikana Kenya tangu 1922, lakini mvua za mwishoni mwa miaka ya 1960 ziliueneza vibaya: buni changa zilikuwa zikioza na kukauka mtini. Ilibidi mkulima apulize dawa msimu mzima, na dawa zikala karibu theluthi ya gharama zake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watafiti wa Ruiru wakaanza kuifungisha mibuni ndoa. Upande wa baba walichanganya damu ya SL28, kipenzi cha wanunuzi, na mibuni sugu kama Hibrido de Timor na Rume Sudan. Mama akawa Catimor, mfupi, kutoka Colombia. Mtoto, Ruiru 11, alistahimili chulebuni na kutu ya majani, akazaa mapema, na kwa ufupi wake hekta moja ikabeba miti 2,500, karibu maradufu ya ile ya zamani.

Ila mbegu yenyewe ilitengenezwa kwa mkono. Ua la mbuni hunyauka ndani ya siku chache, kwa hiyo wafanyakazi walilifungua kabla halijachanua, wakatoa sehemu zake za kiume, wakalipaka chavua ya baba na kulifunika. Ua moja, kisha jingine. Haishangazi kwamba wakulima walisubiri miche kwa miaka.

Na walipoipata, ukazuka ugomvi wa ladha. Wanunuzi walidai kikombe cha Ruiru 11 hakifikii cha SL28. Watafiti wakajibu kwamba ukiitunza vizuri tofauti ni ndogo. Wakulima wengine walitafuta njia ya kati: walikata mibuni ya zamani na kupandikiza Ruiru 11 juu ya mashina yake, wakafaidi mizizi mirefu inayostahimili kiangazi. Mimi naona mkulima alionyesha busara kuliko pande zote mbili. Mwaka 2010 ilipotoka Batian, mbegu mpya ya kituo hichohicho, ugomvi ulipoa bila mshindi.

Lakini bei haikungoja. Mkataba wa kimataifa wa kahawa ulivunjika mwaka 1989, bei ikaporomoka, na Kenya, iliyokuwa imevuna takribani tani 130,000 msimu wa 1987/88, leo haifikishi hata nusu ya hizo. Mwenye shamba karibu na Nairobi akapiga hesabu: ekari ya mibuni au ekari ya ploti? Barabara kuu ya Thika, yenye njia nane, ilipozinduliwa Novemba 2012, jibu lilikuwa wazi. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 238,858 mjini Ruiru. Ya 2019 ikakuta 490,120, ukawa mji wa nne kwa wingi wa watu Kenya. Kuna kiwanda cha maziwa cha Brookside, cha vyuma cha Devki, na mji mpya wa Tatu City wa takribani ekari 5,000 zilizokuwa mashamba ya kahawa, ambao wabia wake walivutana mahakamani kwa miaka.

Hakuna ubaya mji kukua; kodi za nyumba hizo zinasomesha watoto wengi kuliko kahawa ilivyofanya miaka ya 1990. Lakini kituo cha utafiti bado kipo, na vitalu vyake vya mibuni mama na baba havihamishiki kwa lori. Serikali ya kaunti ya Kiambu, inayopokea maombi ya kubadili matumizi ya ardhi kila uchao, iandike sasa kwamba ardhi ya kituo hicho haiuzwi wala haigawanywi.