Kahawa, Mvinyo na Ulimi wa Mwonjaji

Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanapofundishwa maneno ya mkopo huambiwa upesi kwamba kahawa ni neno la Kiarabu na mvinyo ni la Kireno, kisha mwalimu hufuta ubao na kuendelea na shule, baiskeli na mengineyo. Makala hii inakusudia kurudi kwenye ubao huo. Vinywaji hivi viwili viliwahi kuitwa kwa jina moja, na uhusiano wao haujakatika mpaka leo. Sisi tunaoishi katika nchi zinazolima kahawa na kufundisha Kiswahili tuna sababu ya kuujua, kwa kuwa sehemu ya bei ya gunia la mkulima wetu inatokana na maneno.

Katika Kiarabu cha kale, hususan katika ushairi, qahwa lilikuwa mojawapo ya majina ya divai. Wataalamu wa kamusi wa Kiarabu walilihusisha na maana ya kuondoa hamu, kwa kuwa mnywaji wa divai hakitamani chakula. Katika karne ya 15 masufi wa Yemen walianza kunywa maji yaliyochemshwa na buni ili waweze kukesha katika dhikri, na jina likahama. Kinywaji cha kwanza kiliondoa hamu ya kula, hiki cha pili kiliondoa hamu ya kulala. Ni ajabu kidogo kwamba wacha Mungu waliokesha wakisali walikubali kinywaji chao kiitwe kwa jina la kitu kilichoharamishwa, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Jina hilo halikukosa kuleta matata. Mwaka 1511 Khair Beg, ofisa wa dola ya Wamamluki mjini Makka, aliwakuta watu karibu na msikiti usiku wakipokezana vikombe. Namna ya kupokezana ilimkumbusha walevi. Aliwaita wanazuoni na waganga, kahawa ikapigwa marufuku, na buni ikachomwa hadharani. Baadaye Cairo ililegeza amri hiyo. Habari hizi tunazipata kwa Abd al-Qadir al-Jaziri, aliyeandika mwaka 1558 kitabu kizima cha kuitetea kahawa, na kulijadili jina lake pia.

Kiswahili kililipokea neno hili kutoka Uarabuni kwa njia ya bahari na kulifanyia kile ambacho kimeyafanyia mamia ya maneno: sauti ya q ikawa k, na irabu ikachomekwa kati ya konsonanti mbili. Waturuki walisema kahve, na kutoka kwao Wazungu wakapata majina yao. Tulichukua pia bunn, likawa buni kwa punje na mbuni kwa mti. (Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza ndege yule mwenye mbio ameingiaje shambani. Nilimjibu kwamba hakuingia, ni maneno mawili yenye umbo moja.) Wafanyabiashara wa Kenya wanatumia mbuni kwa kahawa iliyokaushwa ikiwa ndani ya ganda lake, na wanunuzi wa ng'ambo wamelizoea neno hilo. Hapa Uganda kahawa ya namna hiyo inaitwa kiboko, neno jingine ambalo mnunuzi mgeni hulazimika kulijua.

Pwani kahawa ilipata adabu zake. Dele la shaba juu ya makaa, vikombe vidogo visivyo na mkono, mlio wa vikombe vinavyogonganishwa na muuzaji anapopita mitaani, kashata pembeni. Sukari haitiwi, utamu ni kazi ya kashata. Kipande kidogo, kisha funda la kahawa chungu yenye tangawizi. Mtu aliyewahi kuketi Jaws Corner, Unguja, anajua kwamba siasa ya pale inakwenda kwa funda dogodogo. Hiyo nayo ni sanaa ya kuonja, ingawa hakuna aliyewahi kuitolea cheti.

Tukija huku kwenye maziwa, mambo yanageuka. Kwetu zao hili ni la kale kuliko kinywaji. Aina ya kahawa tunayoiita robusta ni mmea wa asili wa misitu yetu, ipo mpaka leo msituni Kibale. Waganda walikuwa na neno emmwanyi, na Wahaya amwani, kabla kahawa ya pwani haijafika. Hawakuikaanga wala kuisaga, waliitafuna. Wahaya waliichuma, wakaichemsha pamoja na majani yenye harufu nzuri, wakaikausha, na mgeni akakaribishwa kwa punje kadhaa mkononi. Bukoba bado inauzwa hivyo. Katika Buganda punje ilitumika katika omukago, yaani undugu wa kuchanjiana: tunda moja la kahawa lina punje mbili, kila mmoja alipaka punje yake damu yake, kisha mwenzake akaila. Sijui ishara iliyo bora zaidi ya watu wawili kutoka katika ganda moja.

Kwa hiyo Luganda lina majina mawili hadi leo. Zao ni emmwanyi, kinywaji ni kaawa, na la pili limetoka katika Kiswahili. Kinyarwanda na Kirundi vilipokea ikawa kwa mti na kwa kikombe pia, kwa kuwa huko zao lenyewe lililetwa, na wamisionari wa Mibirizi ni miongoni mwa waliolipanda kwanza mwanzoni mwa karne ya 20. Mwanafunzi wa isimu historia anaweza kusoma hapo, bila kufungua kitabu cha kilimo, ni nani alikuwa na mmea na ni nani aliupokea. Wapo Waganda wanaodhani kaawa linatokana na kitenzi chao okukaawa, kuwa chungu. Halitokani nacho, lakini limekaa vizuri mno hata ni vigumu kuwalaumu.

Mvinyo lilikwenda njia nyingine. Wareno walifika pwani yetu mwaka 1498 na vinho yao, tukaipa kiambishi, ikawa mvinyo. Lakini neno lilipanuka, na katika kamusi za zamani linajumuisha pia vileo vikali vya kila namna. Wamisionari waliohitaji jina la kinywaji cha altareni walikuwa na neno jingine mkononi, divai, kutoka Kifaransa. Katika Biblia ya Union Version, harusi ya Kana iliishiwa divai. Kinyarwanda kinasema divayi vilevile. Dodoma, ambako wamisionari Wakatoliki walianzisha zabibu katika miaka ya 1950 na mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, utasikia maneno yote mawili, mvinyo na divai, kwa kitu kimoja.

Hadi hapa ni historia ya majina. Mwandishi wa makala hii ni mnywaji wa kahawa asubuhi na jioni, na wa divai siku za sikukuu, na kwa miaka kadhaa amekuwa akivutwa na jambo jingine: namna watu wanavyosema kile ambacho ulimi umeonja. Mwaka 1984 Ann Noble wa Chuo Kikuu cha California, Davis, alitoa gurudumu la harufu za divai, mchoro wa duara wenye majina ya harufu yaliyopangwa kutoka ya jumla hadi mahususi, ili waonjaji waache kusema tu "nzuri" na "mbaya". Mwaka 1995 chama cha kahawa maalumu cha Marekani kilitoa gurudumu la kahawa. Karne tano baada ya kuazima jina la divai, kahawa ikaazima pia namna yake ya kusifiwa.

Gurudumu hilo si pambo la ukutani. Mwonjaji husaga kahawa, humwagia maji ya moto, husubiri dakika kama nne, huvunja utando kwa kijiko, kisha hufyonza kwa kelele ambayo mtoto nyumbani angekaripiwa. Hutema, huandika. Kahawa inayopata alama 80 au zaidi kati ya 100 huitwa maalumu na huweza kujadiliwa bei yake yenyewe. Iliyo chini hufuata bei ya soko, arabika ya New York na robusta ya London. Tofauti kati ya 79 na 81 inaweza kuwa karo ya mtoto, na alama hizo hujengwa kwa maneno ambayo mkulima mara nyingi hayasikii kwa lugha yake.

Rwanda imetuonyesha kinachowezekana. Ushirika wa Abahuzamugambi wa Maraba, ulioanzishwa mwaka 1999 karibu na Butare, ulipata kituo cha kuoshea kahawa na mafunzo ya kuonja, na wakulima waliokuwa wakiuza kahawa duni wakaanza kuuza kahawa inayotajwa kwa jina la kilima chao. Mwaka 2008 Rwanda ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kufanya mashindano ya Cup of Excellence, na Burundi ikafuata mwaka 2012. Huko huko kuna kasoro moja inayoitwa ladha ya kiazi: kikombe kimoja kati ya vingi kinatoa harufu ya kiazi kibichi kilichomenywa. Inahusishwa na mdudu anayetoboa tunda. Yeyote aliyemenya viazi anaitambua, na kasoro ya namna hiyo ikisemwa kwa Kiswahili haihitaji kozi.

Tatizo liko kwenye sifa. Arabika ya Nyeri husifiwa kwa harufu ya tunda dogo jeusi la Ulaya ambalo mkulima wa Nyeri hajaliona, labda kwenye chupa ya Ribena. Lakini kahawa ya Gesha husifiwa kwa harufu ya ua ambalo kila mwanamke wa Lamu na Unguja analijua: asumini. Historia ya Gesha inauma kidogo. Mbegu zake zilichukuliwa Ethiopia katika miaka ya 1930, zikapitia kituo cha utafiti cha Lyamungu mkoani Kilimanjaro, na mwaka 1953 zikafika Costa Rica, kisha Panama. Huko mwaka 2004 ilishinda mashindano na kuuzwa kwa dola 21 kwa ratili, bei isiyowahi kusikika wakati ule. Ilipita mikononi mwetu, na asumini tulikuwa nayo.

Robusta, kwa upande wake, imetutendea wema. Vigezo vya kuionja robusta bora viliandaliwa mwaka 2010 kwa ushirikiano na mamlaka ya kahawa ya Uganda ya wakati huo, na fomu yake inamtaka mwonjaji apime uchungu dhidi ya utamu, na chumvi dhidi ya uchachu. Maneno yote manne tunayo tangu utotoni. Ukitaka la tano, ukakasi lipo, lile la ndizi mbichi linalokunja ulimi, na wapenzi wa divai nyekundu ya Dodoma watalihitaji zaidi kuliko wa kahawa.

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu fomu hiyo waitafsiri, vikombe vitatu vikiwa mezani. Kwa ule unene ambao kinywaji kinauacha mdomoni kulikuwa na mapendekezo matatu: mwili, uzito na unene. Mwili ni tafsiri ya neno kwa neno, nami sikuipenda. Uzito ulishinda, kwani uji nao husemwa kuwa mzito au mwepesi. Mgogoro ulikuwa kwenye uchachu. Kwa mwonjaji ni sifa, ni ule ukali unaochangamsha kikombe. Kwa masikio mengi ya Waswahili kilichochacha ni cha kumwagwa. Mwanafunzi wa kutoka Mombasa alipendekeza ukali wa limau, wa Mbale akasema hapana, ni wa ukwaju. Kura ziligawanyika sawa. Fomu iko kwenye ubao wa matangazo wa idara, na mahali pa neno hilo pameachwa wazi pamoja na kalamu iliyofungwa kwa uzi.