Saratani ya Kibofu na Siri ya Vipokezi vya Homoni

Katika maradhi yanayokihusu kibofu cha mkojo, jambo moja limewashughulisha wenye elimu ya tiba kwa muda mrefu. Saratani ya kiungo hiki huwapata wanaume mara tatu au nne kuliko wanawake, na tofauti hiyo huonekana katika nchi nyingi za dunia. Yatoka wapi? Waliotafuta jibu walitazama kwanza nje ya mwili. Baadaye ikawalazimu kutazama ndani.

Mwaka 1895 Ludwig Rehn, mpasuaji wa mji wa Frankfurt katika Ujerumani, alitoa habari za watu waliofanya kazi katika kiwanda cha rangi, wakapatwa na uvimbe wa kibofu. Mwaka 1938 Wilhelm Hueper, huko Marekani, alithibitisha kwamba mbwa waliopewa kemikali moja ya viwanda hivyo waliota uvimbe wa namna hiyo. Mwaka 1954 Uingereza nayo ilipata ushahidi wake: Case na wenzake walionyesha kuwa watengenezaji wa rangi walikufa kwa saratani hii kupita kiasi cha watu wengine. Kisha tumbaku ikaongezwa katika orodha ya washtakiwa. Kwa kuwa wanaume ndio waliojaa viwandani, na ndio waliovuta sigara zaidi, ilidhaniwa kuwa shauri limekwisha.

Walakini shauri halikuwa limekwisha. Mwaka 1990 Patricia Hartge na wenzake wa Marekani walichapa hesabu zilizoitenga kando athari ya sigara na ya kazi za hatari. Hata hivyo hatari ya wanaume ilibaki zaidi ya mara mbili ya ile ya wanawake. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Na hapa hakikuwa nguoni tu, bali mwilini mwenyewe.

Njia ya kuutazama mwili ilikuwa imekwisha kufunguliwa na wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Chicago. Mwaka 1941 Charles Huggins alionyesha kuwa saratani ya tezi dume hunywea mgonjwa anapoondolewa homoni za kiume; kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Mwenziwe, Elwood Jensen, aligundua mwishoni mwa miaka ya 1950 jinsi homoni ya kike inavyotambuliwa na viungo vyake. Homoni ni mjumbe achukuliwaye na damu. Hupita milango yote ya mwili, bali hukaribishwa pale tu penye mwenyeji wa kumpokea. Mwenyeji huyo ndiye kipokezi. Asipokuwapo, mjumbe hupita na ujumbe wake haufanyi kazi.

Je, kibofu kina mwenyeji wa homoni za kiume? Mwaka 1975 watafiti wa Japani walikwisha eleza kuwa homoni za jinsia hubadili kuota kwa uvimbe wa kibofu katika panya. Jibu lililo wazi zaidi lilikuja mwaka 2007, Hiroshi Miyamoto na wenzake walipowapa panya kemikali izushayo saratani hiyo. Katika panya wa kawaida, madume 92 katika kila 100 walipatwa, na majike 42 katika kila 100. Panya waliozaliwa bila kipokezi cha homoni za kiume, madume kwa majike, hawakupatwa hata mmoja. Kemikali ilikuwa ile ile; aliyekosekana ni mwenyeji.

Lakini panya si binadamu. Katika wagonjwa, kipokezi hiki hukutwa katika uvimbe wa baadhi yao na kukosekana katika uvimbe wa wengine, na habari za vipokezi vya homoni za kike hupingana. Kwa hiyo matibabu ya kawaida yamebaki kuwa upasuaji, mionzi, dawa za kuua chembe za saratani, dawa za kuiamsha kinga ya mwili, na BCG, ile chanjo ya kifua kikuu, ambayo hutiwa kibofuni tangu kazi ya Alvaro Morales wa Kanada ya mwaka 1976.

Tena iko hatari ya kuisoma historia hii vibaya. Ugonjwa ukiitwa wa wanaume, mwanamke akojoaye damu hudhaniwa ana uambukizo tu wa njia ya mkojo, naye hupewa dawa mara kwa mara bila kibofu kuchunguzwa. Ndiyo sababu mojawapo ya wanawake wengi kugunduliwa ugonjwa umekwisha kwenda mbali. Katika nchi za kichocho, kama Unguja na Pemba, damu hiyo hiyo yaweza kudhaniwa ni jambo la desturi, hali kichocho chenyewe ni chanzo kijulikanacho cha saratani ya kibofu. Homoni na vipokezi vyake huenda vyaeleza kwa sehemu kwa nini wengi wao ni wanaume. Haviwapi wanawake amani. Damu katika mkojo ni ya kuchunguzwa, awe ni mume au ni mke.