Risasi ya .38, Risasi ya .45 na Watu Waliokataa Kuanguka

Kila nikiona vijana wakibishana mtandaoni kuhusu rivolva, swali ni lile lile: risasi gani inalenga vizuri kuliko nyingine? Swali zuri, lakini lina historia chafu. Wacha niwapeleke Chicago, 1904.

Huko kwenye machinjio, maafisa wawili wa jeshi la Marekani, John T. Thompson (ndiyo, yule yule wa bunduki ya Tommy) na daktari Louis LaGarde, walikuwa wanapiga ng'ombe risasi wakiwa hai. Farasi wawili pia. Halafu wakaning'iniza maiti za watu, wakazipiga waone zitabembea kiasi gani. Walijaribu risasi nyembamba ya Luger ya milimita 7.65, ile ya .38, hadi zile nene za .45 na .476.

Sababu ilikuwa Ufilipino. Mwaka 1892 jeshi hilo lilichukua rivolva ya Colt ya .38 badala ya ile nzito ya .45. Risasi ya .38 ilikuwa na gramu 10 hivi, ya .45 gramu 16. Bastola ya risasi nyepesi hairuki sana mkononi, kwa hivyo hata askari wa kawaida anaweza kuipata shabaha. Kwenye karatasi, hesabu iko sawa kabisa. Lakini Wamoro wa kusini mwa Ufilipino hawakuwa karatasi. Walikuwa watu waliovamiwa kwao. Walikuja na panga, na wengine walipigwa zaidi ya mara moja na bado wakamfikia askari. Bastola za zamani za .45 zikatolewa stoo mbio mbio.

Sasa sikiza vile wakubwa walieleza mambo kama haya. Mwaka 1899 kule The Hague, mjumbe wa Uingereza, John Ardagh, alitetea risasi zinazotanuka mwilini kwa hoja kwamba askari wa Ulaya akijeruhiwa anaacha vita, lakini eti "mshenzi" anaendelea kuja. Jamani! Mtu anayetetea nyumba yake ataenda wapi tena? Tamko la kukataza risasi hizo lilipita, Uingereza na Marekani zikalikataa wakati huo. Na hata hivyo lilihusu tu vita kati ya nchi zilizolikubali. Sisi huku hatukuwa mezani.

Turudi Chicago, kwa sababu hapa ndipo mimi huwa nacheka. Ripoti ilisema risasi isipungue .45, na baadaye jeshi likapata Colt M1911. Lakini ripoti hiyo hiyo ilikiri kwamba hakuna risasi ya bastola ya kutegemewa kumwangusha mtu papo hapo isipogusa sehemu nyeti kama ubongo au uti wa mgongo, kwa hivyo askari wafundishwe kulenga, tena bila kupumzika. Yaani ng'ombe wote wale, maiti zote zile, na jibu linarudi kwa mkono wa anayefyatua.

Mwaka mmoja baadaye, Oktoba 1905, Koitalel arap Samoei aliitwa na Waingereza kwa mazungumzo ya amani huku Nandi. Akapigwa risasi palepale, kwa umbali ambao hauhitaji shabaha yoyote.