Hewa Iliyobanwa na Kabati la Umeme katika Nchi ya Chai

Sigor, mji mdogo wa Chepalungu, uko upande wa chini wa kaunti ya Bomet, mbali kidogo na miinuko ya Kericho ambako kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilifungua mashamba makubwa ya chai katika miaka ya 1920. Hata hivyo historia ya ufundi wa viwandani katika eneo hilo haitenganishwi na ya miinuko hiyo, kwa kuwa Bomet ilitawaliwa kutoka Kericho hadi ilipofanywa wilaya mwaka 1992. Viwanda vya mashamba hayo, na baadaye vile vya wakulima wadogo chini ya shirika la chai la KTDA lililoundwa mwaka 1964, vilihitaji umeme wa kuzungusha mashine za kukata majani na mvuke wa boila wa kukaushia chai.

Kudhibiti joto ndiko kulikoipa hewa iliyobanwa nafasi yake viwandani. Kabla ya elektroniki kuenea duniani, vidhibiti vilipeleka ishara kwa shinikizo la hewa katika vibomba vyembamba, kati ya pauni 3 na 15 kwa kila inchi ya mraba. Kiwango kilianzia 3 badala ya sifuri ili bomba lililopasuka litambulike mara moja. Ishara ya umeme ya miliampea 4 hadi 20 ilirithi hoja hiyo hiyo. Kidhibiti cha Modicon kilipobuniwa mwishoni mwa miaka ya 1960, uamuzi ulianza kuhamia kwenye umeme unaoendeshwa na programu, lakini nguvu ya kusukuma vali kubwa mara nyingi ilibaki ya hewa, ambayo haitoi cheche penye vumbi na joto. Vali ya solenoidi, yaani vali ndogo inayofunguliwa na sumaku ya koili, ikawa mpaka wa pande hizo mbili, na swali likawa ifungwe wapi.

Kuifunga ndani ya kabati la umeme, pamoja na swichi ziitwazo kontakta na rilei, hufupisha nyaya na kuikinga na vumbi la chai, na kwa sababu hiyo zoea hilo halikufa. Kanuni ya kimataifa ya IEC 60204-1 inashauri kinyume: vali hizo zitengwe, kwa mfano katika chumba chake. Miinuko ya Kericho, yenye mwinuko wa takriban mita 2,000, inaonyesha kwamba ushauri huo si urasimu. Shinikizo la anga huko ni kama asilimia 80 ya lile la Mombasa, hivyo kompresa ile ile huvuta hewa pungufu, na kila uvujaji huumiza zaidi. Na hewa ya nchi ya mvua, ikibanwa kisha ikapoa, huacha maji mabombani. Kiungo kinachovuja ndani ya kabati hupulizia maji hayo, na mara nyingine mafuta ya kompresa, juu ya nyaya zenye umeme, jambo ambalo vipeperushi vya wauzaji hulinyamazia.

Ikiwa hakuna budi vali zikae ndani, basi zitengwe kwa ukuta, hewa inayotoka ipelekwe nje kwa bomba, na kikaushio cha hewa kitangulie kununuliwa kabla ya kabati lenyewe.