HISTORIA YA PIKIPIKI YA MAGURUDUMU MANNE KATIKA CHAMA CHETU

Katika kitabu hiki cha kumbukumbu ya miaka kumi mtasoma habari za kahawa, za maghala na za viongozi waliotutangulia katika kazi. Mimi nimepewa sehemu ndogo, nayo ni kueleza historia ya mashine moja ambayo wengi wenu mmeiona ikipanda milima yetu. Ni historia ya chuma, lakini ndani yake mna fedha za wakulima, na kwa sababu hiyo yafaa iandikwe.

Mashine za namna hii asili yake ni Japani, ijapokuwa haja yake ilitoka Marekani. Mwaka 1967 tawi la Honda nchini Marekani liliomba litengenezewe kitu kipya ambacho mawakala wake wangeweza kukiuza wakati wa baridi, maana theluji ilipoanguka biashara ya pikipiki ililala. Mwaka 1970 kikatolewa chombo cha magurudumu matatu, chenye injini ya sentimita za ujazo 89 na matairi mapana yenye upepo kidogo sana, ili kisizame katika theluji, mchanga wala matope. Kilikusudiwa michezo zaidi, lakini wakulima waliona upesi kwamba chaweza kufanya kazi ya shamba. Mwaka 1982 Suzuki wakatoa chombo cha magurudumu manne, ambacho husimama imara zaidi. Yale ya magurudumu matatu yalipindua watu wengi, hata mwaka 1988 watengenezaji wakubwa walipatana na serikali ya Marekani kuacha kuyauza mapya nchini humo.

Chombo chetu kilifika katika mwaka wa nne wa Chama. Hakikuwa kipya. Mwenyewe wa kwanza alikuwa amekitumia miaka mingi, nasi tulikinunua kwa sababu bei ya kipya ilitushinda. Kazi yake ilikuwa kumchukua karani na mizani yake kwenda vyama vya msingi vya juu, ambako motokaa haifiki wakati wa masika. Msimu wa kwanza kilitumika vema. Msimu wa pili kikaanza kuugua.

Ugonjwa wake ulikuwa wa ajabu. Asubuhi kiliwaka mara moja, kikateremka hadi bondeni na kuanza kupanda mlima. Kufika katikati ya mlima, nguvu zikapungua, injini ikazimika, na hata karani alipojaribu kuiwasha mara nyingi haikukubali. Akikaa chini ya mti muda wa nusu saa, ikawaka tena kama kwamba haikuwa na neno. Siku moja karani alichelewa mpaka jua likatua, na wakulima waliokuwa wamekesha na kahawa yao wakarudi nayo nyumbani kwa kichwa.

Tukakipeleka kwa wakala mmoja mjini. Mara ya kwanza alibadili plagi na betri. Kikarudi, kikazimika mlimani. Mara ya pili alisafisha kabureta na kubadili koili ya cheche. Kikarudi, kikazimika pale pale. Mara ya tatu akatuandikia kwamba injini imekwisha, yatupasa kununua nyingine, na gharama yake ilikaribia nusu ya bei tuliyokinunulia.

Halmashauri ikagawanyika. Wako waliosema tulipe, kwa kuwa msimu ulikuwa mlangoni. Wako waliosema tukiuze kama chuma chakavu. Mweka hazina akasimama akasema kwamba katika Chama hiki hatumlipi mtu kwa gunia lisilopimwa. Imekuwaje basi tulipie ugonjwa ambao hakuna aliyeupima? Maneno hayo yaliwanyamazisha wote, na ikaamuliwa aitwe fundi mzee aliyekuwa akitutengenezea mashine za kumenyea kahawa.

Fundi hakushika spana. Kwanza alimwita karani akamwuliza: “Mwanangu, huzimika lini? Ikiwa baridi au ikiwa moto? Ukingoja, huwaka?” Karani akajibu yote. Mzee akatikisa kichwa, akatueleza kwamba injini za namna hii zafuata kanuni ile ile aliyoifanikisha Mjerumani Nikolaus Otto mwaka 1876. Pistoni hushuka ikivuta hewa na petroli, hupanda ikivikandamiza, cheche huwasha, na moto huisukuma chini, kisha hupanda tena ikitoa moshi. Kwa hiyo injini yenye kukataa kuwaka imekosa moja katika matatu: cheche, mchanganyiko mzuri wa petroli na hewa, au mkandamizo. Mwenye kutafuta ayapime yote, tena ayapime wakati ule ugonjwa ulipo, si wakati umekwenda.

Basi wakapanda mlima pamoja mpaka ikazimika. Akaitoa plagi, akaigusisha na chuma cha injini mbali na tundu lake, akaizungusha injini: cheche ilikuwapo, ya samawati na yenye nguvu. Akalegeza skrubu ya chini ya kabureta: petroli ikatoka safi, bila maji wala kutu. Akafunga kipimo cha mkandamizo mahali pa plagi: mshale ukapanda kidogo tu. Wakangoja injini ipoe, akapima tena, na mshale ukapanda juu zaidi. Akacheka, akasema, “Mgonjwa amesema mwenyewe.”

Maana yake ni hii. Valvu ya kutolea moshi huachiwa nafasi nyembamba sana kati ya mguu wake na mkono unaoisukuma. Kwa miaka mingi valvu huzama kidogo kidogo katika kiti chake, na nafasi ile hupungua mpaka ikatoweka. Injini ikipata moto, chuma hurefuka, valvu ikawa haifungi sawasawa, na mkandamizo hupotea. Ikipoa, valvu hukaribia kufunga tena. Kesho yake asubuhi, injini ikiwa baridi, mzee alijaribu kuingiza ubapa mwembamba kuliko wote wa kipimo chake, haukupita. Akaifikisha pistoni juu kabisa mwisho wa kukandamiza, akalegeza skrubu, akarudisha nafasi kama ilivyoandikwa katika kitabu cha mashine. Hakikununuliwa kipuri hata kimoja. Siku ile chombo kilipanda mlima wote bila kusita.

Sitaki msomaji adhani kwamba wakala alikuwa mwizi. Tulipotazama nakala za barua zetu, tuliona tulimwandikia maneno mawili tu: “Imeharibika, itengenezwe.” Hatukumwambia kwamba huzimika ikiwa moto. Naye mjini aliiwasha ikiwa baridi, akabadili alichokidhania. Yeye alikosa kwa kutouliza, nasi tulikosa kwa kutosema. Mwisho wa msimu mzee alituonya kwamba ukingo wa valvu umeungua na wahitaji kusagwa. Tukampelekea wakala yule yule, safari hii pamoja na barua ya ukurasa mzima na vipimo vyote, na bei aliyotutoza haikumtisha mtu.

Tangu siku hiyo chombo kina daftari lake, kama mkulima alivyo na kitabu chake. Karani huandika kila hitilafu: siku, mahali, joto au baridi, na kilichofanyika. Wala hailipwi hati yoyote ya matengenezo isiyoeleza ni nini kilichopimwa.

Wahenga walisema, kuuliza si ujinga. Chama hiki kilianzishwa na watu waliouliza kahawa yao ina uzito gani, wasikubali kuambiwa tu. Na tuendelee kuuliza hivyo katika miaka kumi ijayo, kwa mizani na kwa mashine pia, maana shilingi inayopotea karakanani ni ya mkulima yule yule.