Ufundi Uliozaliwa Bila Wazee

Wasikilizaji wetu, na ninyi mtakaosoma maneno haya baadaye kitabuni, mazungumzo yetu ya jioni hii ni habari za ufundi wa umeme: jinsi watu walivyojifunza kazi hiyo zamani, ilipokuwa bado haina walimu.

Kila ufundi tunaoujua hapa pwani una wazee wake. Kijana atakaye kuunda jahazi humwendea fundi, akakaa naye miaka. Kwanza hutumwa tu: kuteka maji, kufagia vumbi la mbao, kunoa tezo na patasi. Kisha hupewa ubao mbovu auharibu apendavyo. Akiisha kuaminiwa hutoa kilemba cha fundi wake, ndipo apatapo ruhusa ya kufanya kazi kwa jina lake mwenyewe. Na fundi yule naye alimtolea kilemba mwingine, na huyo mwingine tena, hata hesabu ikapotea. Kijana wa namna hiyo wahenga walimwita mwanagenzi.

Sasa tufikiri habari za umeme. Mwaka wa 1908 mfanya biashara mmoja wa Mombasa, jina lake Harrali Esmailjee Jeevanjee, aliununua mtambo wa umeme uliokuwa Unguja, na kwa huo ikaanzishwa kampuni ya taa za Mombasa. Mtambo waweza kupakiwa chomboni ukavushwa bahari, lakini ujuzi wa kuufunga haupakiwi katika sanduku. Je, mtu wa kwanza kufunga nyaya katika nyumba alifundishwa na nani? Na huyo mwalimu wake, alifundishwa na nani? Ukiuliza hivyo mara mbili tatu umefika mwisho wa ukoo, kwa maana mwaka ule walikuwako wazee wengi waliokumbuka siku ambazo kazi hiyo haikuwako duniani.

Uanagenzi wenyewe haukuwa mgeni huko Ulaya. Katika Uingereza sheria ya mwaka 1563 ilimkataza mtu kushika kazi ya ufundi asipokuwa ametumika chini ya bwana wake kwa muda usiopungua miaka 7. Hapo kale mapatano yaliandikwa mara mbili juu ya ngozi moja, kisha ngozi ikakatwa katikati kwa mkato wa meno meno kama msumeno, kila upande ukashika kipande chake. Ikitokea daawa, vipande viliwekwa pamoja. Meno yasipolingana, hati ni ya uongo. Kijana aliahidi kuficha siri za bwana wake, na kutooa, na kutocheza kamari wala kushinda katika nyumba za ulevi, mpaka miaka yake iishe. Na kwa desturi wazazi walimlipa bwana ada.

Michael Faraday, mwana wa mhunzi, alifungwa kwa hati ya miaka 7 huko London mwaka wa 1805, naye umri wake miaka 14. Ada haikutozwa, kwa kuwa alikuwa amekwisha kumtumikia bwana yule kwa uaminifu kama mtoto wa kutumwa. Nami nadhani kama si hivyo mlango ule usingalifunguka, maana kwao walikuwa maskini. Kijana huyo alisoma vitabu vilivyopita mikononi mwake, hata akakuta habari za umeme katika kitabu kimoja kikubwa cha elimu, naye kwa senti zake chache akajitengenezea kijitambo cha kujaribia. Mwaka wa 1831, amekwisha kuwa mtaalamu, aligundua kwamba sumaku ikisogezwa penye waya uliozungushwa, umeme hupita ndani ya waya. Mitambo mikubwa izungukayo leo yote imejengwa juu ya neno hilo. Lakini angalia: hati yake ya uanagenzi ilikuwa ya kujalidi vitabu. Hata angalitaka kuwa mwanagenzi wa umeme, hapakuwa na fundi wa kumpokea.

Wa kwanza kupata riziki kwa nyaya walikuwa watu wa simu ya maandishi, yaani telegrafu. Tangu miaka ya 1840 walisimamisha nguzo na kuvuta nyaya nchi hata nchi. Umeme wao ulitoka katika betri, nao ulikuwa dhaifu. Aliyegusa waya aliona mtekenyo, au kipigo kidogo cha kuchekesha wenzake. Kwa hiyo mikono yao ilizoea kuushika waya bila hofu, na wengine waliupima kwa ulimi. Mazoea hayo waliwarithisha vijana wao. Huo ulikuwa uanagenzi wa namna yake, na kwa kazi ile ulitosha.

Kisha zikaja taa. Katika London, mwaka wa 1879, mwalimu William Ayrton alianza kuwafundisha mafundi jioni, baada ya kazi zao za mchana, katika vyumba vya shule ya Cowper Street. Mwaka wa 1882 chama cha wahandisi wa telegrafu cha mji huo huo kilitoa kanuni za kwanza za kuzuia moto utokao katika taa za umeme. Wenye kuziandika hawakuulaumu umeme. Walisema hatari kubwa yatokana na ujinga, na kutozoea kwa watu wanaofunga mitambo. Neno hilo lilihakikishwa New York, nalo kwa namna ya kutisha.

Mji wa New York siku zile ulikuwa na nguzo ndefu barabarani, na juu yake nyaya nyingi kama utando wa buibui: za simu, za kengele za moto, na za taa, zote zimefungwa karibu karibu. Za simu zilikuwa na nguvu ndogo. Za taa za barabarani zilikuwa na nguvu ya maelfu ya volti. Kwa macho hutambui huu na huu. Tarehe 11 Oktoba 1889, saa za mchana, fundi wa simu jina lake John Feeks alipanda nguzo akate nyaya za simu zilizokuwa hazitumiki tena. Aliishika kama alivyozoea. Kumbe mmojawapo wa nyaya hizo, mahali pengine mbali na pale, ulikuwa umegusana na waya wa taa, na nguvu yote ya taa imeingia ndani yake. Alikufa pale pale juu, amenaswa katika nyaya, cheche zikitoka mwilini mwake, na watu waliokwenda kula chakula cha mchana wamesimama chini wakitazama. Ilichukua karibu saa moja kumshusha. Watu wakachangia fedha za mjane wake.

Twaweza kusema Feeks hakuwa mwangalifu? Mimi sikubali. Alifanya sawasawa na alivyofundishwa. Ila mafundisho yenyewe yalikuwa ya umeme wa jana.

Nusu ya pili ya habari hii yatoka katika mji wa St. Louis, huko huko Marekani. Mwaka wa 1890 palikuwa na maonyesho makubwa ya taa, na mafundi wa nyaya wakakusanyika kuyatengeneza. Walipoonana wakasimuliana shida zao: saa 12 kwa siku, senti 15 hadi 20 kwa saa, na mazishi. Mpanda nguzo mmoja, Henry Miller, aliyeanza kazi ya nyaya tangu utoto wake Texas kwa kuwachotea wajenzi maji, akazunguka miji mingi kuwakusanya wenzake, akifanya kazi kidogo kila mahali apate nauli na chakula. Novemba 1891 wajumbe 10 walikutana katika chumba kidogo juu ya ukumbi wa dansi, wakafanya chama cha nchi nzima, na Miller akawa rais wake wa kwanza. Alama waliyoichagua ni ngumi iliyoshika radi.

Usiku mmoja wa Julai 1896, katika mji wa Washington, Miller alipanda nguzo kutengeneza nyaya. Umeme ukampiga, akaanguka, akafa.

Kutoka hapo hata kupata uanagenzi wenye mpango mmoja ilichukua muda mrefu mno. Msaidizi alimfuata fundi yeyote aliyempata, na kama fundi yule alikuwa hodari, bahati yake. Hata mwaka wa 1941 ndipo chama cha mafundi na wenye kampuni za kufunga umeme walipokubaliana juu ya utaratibu mmoja wa Marekani nzima: mshahara unaopanda kadiri ujuzi unavyoongezeka, kazi chini ya jicho la fundi, na darasa la hesabu na kanuni. Mwanagenzi wa kufunga umeme majumbani huko sasa hutumika saa zipatazo 8,000 kabla hajaitwa fundi. Hiyo ni miaka minne au mitano, basi hapana tofauti kubwa na ile 7 ya zamani.

Nayo kazi ya kwanza anayofundishwa haifanani na kunoa tezo. Taa ya wati 60 katika waya wa volti 240 hupitisha robo ya ampea tu, na kiasi hicho, kikipita kifuani, chazidi kinachohitajiwa kuuharibu mpigo wa moyo. Kwa hiyo mwanagenzi akiisha kuzima swichi na kuitia kufuli, na ufunguo kuuweka mfukoni mwake mwenyewe, hapewi ruhusa ya kugusa. Kwanza huweka kipima umeme chake penye waya anaoujua kwa yakini kuwa una nguvu. Kisha hukiweka penye waya anaotaka kuushika. Kisha hurudi tena kwenye ule wa kwanza. Vijana huchoka na safari hiyo ya tatu, wakauliza ya nini, maana kipimo cha pili kimekwisha sema hakuna kitu. Fundi huwajibu kwamba kipima nacho chaweza kufa katikati ya kazi, na kipima kilichokufa husema hakuna kitu kila mahali.